Neno "Au"

Machi 1997, wakati wa vita, nilimpoteza binti yangu. Alitoka asubuhi kwenda Ruziba kuchukua samaki wa kuuza, na njiani yeye na wenzake wakapigwa risasi. Aliniachia mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Baba wa mtoto, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amekwisha kurudi kwao, na sikupata habari zake tena.

Nilipompeleka mjukuu wangu shule, hapa Kanyosha, mwalimu mkuu aliuliza baba yake ni wa wapi. Nikasema kweli. Akaandika: Mkongomani. Mtoto hajawahi kuvuka mpaka, hata ndotoni anaongea Kirundi, lakini wenzake wakaanza kumwambia arudi kwao. Akaniuliza, "Bibi, kwetu ni wapi?" Sikujua sheria inasemaje.

Mwanzoni mwa 2005 tukaambiwa tutapigia kura katiba mpya. Fundi cherehani wa mtaani kwetu akapata kitabu kidogo cha katiba hiyo kwa Kirundi, nami nikamwomba tusome pamoja. Akakubali kwa sharti moja, kwamba tuanze mwanzo na tusiruke hata mstari, kwa sababu hili si gazeti. Nilikubali haraka. Ningeweza kukifungua peke yangu na kutafuta habari za mtoto, lakini niliogopa nitakachokikuta.

Tulikaa barazani kwake kila jioni, wateja wakishaondoka. Mimi nilisoma, nikaeleza kwa Kiswahili, kwa ajili ya jirani yangu wa Bukavu ambaye Kirundi chake ni cha sokoni tu. Vifungu vya katiba kwa Kirundi vinaitwa ingingo, na mimi, mtu wa darasa la sita, nikavifanya viungo, maana ingingo ni viungo vya mwili pia. Jirani huyo anauza pilipili, tangawizi na karafuu. Nilipomwita siku ya kwanza aje kwenye viungo, alikuja na kikapu chake chote, akauliza ni nani anayepika.

"Kiungo cha kwanza ni goti," fundi akamwambia. "Kaa chini ulikunje."

Tangu siku hiyo hatukuviita kwa jina jingine.

Tulicheka sana wiki ile. Ilipofika kwamba Kirundi ndiyo lugha ya taifa, jirani akataka kujua sisi tunaogombana kwa Kiswahili tumewekwa wapi. Ilipofika bendera, na namna inavyogawanywa rangi, na nyota zake tatu, fundi alichukua chaki akaichora juu ya kitambaa cha mteja. Akasema aliyeandika hapo hajawahi kushika mkasi, vipande vitakavyobaki vinatosha kushona suruali ya mtoto. Mimi sikuwa nimecheka hivyo tangu nimzike binti yangu. Mwanzoni niliona haya, baadaye nikazoea.

Siku ya nne tukafika kwenye uraia. Nilisoma kimoyomoyo kwanza, nikarudia tena. Fundi akauliza kama macho yamechoka. Nikasoma kwa sauti, kisha nikaeleza: watoto waliozaliwa na wanaume au wanawake Warundi wana haki sawa mbele ya sheria ya uraia.

Jirani akaweka kikapu chini. "Rudia pale, mama. Ni 'na' ama ni 'au'?"

"Ni 'au'."

"Basi mama peke yake anatosha."

Fundi akachukua kitabu akajisomea mwenyewe, midomo ikitembea. Akasema ni kweli, ni "au", ila nisisahau kwamba sheria yenyewe ya uraia bado itabidi ifuate. Nilimsikia vizuri. Jirani hakutaka kusikia, alikwisha kuingia kwake kukaanga maandazi. Nikamwita mjukuu wangu, nikamwonyesha mstari kwa kidole, akausoma upesi kuliko mimi. Akauliza, "Mwanamke Murundi, ndiye mama?" Nikasema ndiye mama. Akaenda kusaidia kukaanga, na kutoka barazani nilimsikia akiwaeleza watoto wa jirani neno moja baada ya jingine, kwa sauti ya mwalimu.

Tuliendelea hadi mwisho wa kitabu. Kwenye haki ya kuishi nilimpa fundi kitabu asome yeye mstari ule, kisha nikaendelea. Mwezi wa pili nilipiga kura. Nilisema ndiyo, na sikuwa na sababu nyingine kubwa kuliko ile.

Baadaye nikaenda shuleni na kitabu cha fundi. Mwalimu mkuu alisoma mstari ule mara mbili. Akasema hana ruhusa ya kubadilisha kwa wino mpaka agizo lije. Kisha akachukua penseli, akapiga mstari juu ya neno Mkongomani, na pembeni yake akaandika: Murundi. Nikamshukuru, nikarudi sokoni kuuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani.