Mashine Ndogo Kwenye Boma la Wakwe

Wewe unayenisikiliza, kama una kikombe cha chai mkononi kiweke chini kwanza, maana sitaki umwagikiwe kwa sababu yangu. Ninachokueleza leo ni aibu ambayo mke wangu amenikataza kuisimulia kukiwa na wageni, na nitaitoa yote mwanzoni ili usikae roho juu kama nilivyokaa mimi siku ile: nilimpakata mama mkwe wangu. Juu ya mashine ya kukata nyasi. Siku ya mahari, wazee wa pande zote mbili wakitazama. Sasa tulia, nikueleze taratibu, kwa sababu ukiisikia juu juu utadhani mimi ni mtu asiye na adabu.

Kazi yangu ni kukata nyasi hapa Kakamega. Zamani nilikuwa na mashine kubwa ya kukalia, ile ambayo haina usukani. Badala ya usukani ina mikono miwili ya chuma inayokuja mbele ya mapaja yako, mkono wa kushoto unaendesha gurudumu la nyuma la kushoto, na wa kulia unaendesha la kulia. Ukisukuma yote miwili inaenda mbele, ukivuta yote miwili inarudi nyuma, na ukisukuma mmoja huku unavuta mwingine, mashine inazunguka palepale kama mbwa anayefukuza mkia wake. Magurudumu ya mbele hayaongozi chochote, yanafuata tu. (Usijali kama hujaelewa mara moja. Mimi nilielewa baada ya kuangusha fensi ya mtu.)

Shida ya ile kubwa ilikuwa mageti. Nyumba nyingi ninazofanyia kazi ziko Shieywe, na siku hizi viwanja vinagawanywa, ua unabaki mdogo, geti linabaki la kupitisha gari dogo na mtu mwembamba. Mara nyingi nilikuwa nafika na mashine yangu kubwa juu ya pikapu ya kukodi, halafu naishia kukata nyasi za nje ya geti peke yake. Basi nikafikiria vizuri, nikamuuzia mtu mmoja wa Mautuma mwenye uwanja mpana, nikanunua ndogo ya namna ileile. Ilikuwa akili, wala si shida. Lakini wewe unajua watu wetu. Mtu akiuza kikubwa akanunua kidogo, hakuna anayeuliza sababu, wanasema tu ameanguka. Habari zilifika Khayega kwa wakwe zangu kabla hata sijaiosha hiyo mpya.

Baba mkwe, ambaye sisi sote tunamwita Mzee, alimpigia simu mke wangu Everlyne. "Nasikia bwana yako ameuza mashine. Sasa anakatanga nyasi na nini? Na meno?"

Everlyne alicheka aliponiambia, lakini yaliyofuata hakuyacheka. Tulikuwa tumeishi pamoja na tuna mtoto, ila mahari yalikuwa hayajazungumzwa, na siku ya wazee wangu kwenda ilikuwa imeshapangwa. Mzee alikuwa amesema atawapokea na kuwasikiliza, lakini hatamwachia binti yake mtu anayerudi nyuma. Nilikuwa naamka asubuhi nikijiuliza itakuwaje wazee wangu wakirudishwa na Everlyne aambiwe abaki kwao na mtoto.

Kuna jambo moja lazima nilieleze hapa, kwa sababu bila hilo hutanielewa. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hamshikani mkono, hamli pamoja, huingii jikoni kwake, na huwezi kumwita kwa sauti kama unavyomwita jirani. Mkikutana njiani, yeye anageuka upande wa pili, anajifunika na leso, anasimama mpaka upite. Miaka yote hiyo mama mkwe nilimjua kwa sauti yake nyuma ya mlango na kwa mgongo wake.

Basi mvua ikanyesha wiki nzima, unajua mvua ya Kakamega, na nyasi za boma la wakwe zikapanda. Everlyne akasema ataita vijana wa kufyeka. Mimi nikamwambia hapana, nitaenda mwenyewe asubuhi mapema na ile mashine ndogo, nikate nyasi, Mzee aone kwa macho yake, halafu nikabadilishe nguo nirudi na wazee wangu.

"Wewe ni mkwe ama ni fundi?" akaniuliza. "Chagua moja."

Nikachagua yote mawili.

Asubuhi ile nilikwenda pamoja na Everlyne na mtoto, na mambo yalianza vizuri mno. Mbele ya nyumba ni tambarare, na mashine ilipita pale kama wembe, ikazunguka miti ya maua, ikaingia kati ya tenti ya wageni na ukuta mahali ambapo ile kubwa isingeingia kamwe. Mzee alikuwa kwenye veranda na chai yake, na niliona ameacha kunywa. Kukhu, nyanya yake Everlyne, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele, na yeye alisema kwa niaba ya wote: "Eeh! Kadogo lakini kanakula!"

Kazi ilikuwa imeisha. Ningezima pale, ningeenda zangu, leo ningekuwa nakusimulia mambo mengine. Lakini Mzee akashuka kutoka veranda, akanionyesha nyuma ya nyumba ambako boma linateremka mpaka jikoni, akasema, "Na huku chini, hiyo kitu itaweza?"

Nilitazama. Mteremko ulikuwa bado una umande, na chini ya umande kulikuwa na maji ya mvua ya jana. Mtu wa kazi hii anajua jibu. Jibu ni, "Mzee, tungoje jua." Hata jua likitoka, mteremko kama ule unakatwa kwa uangalifu mkubwa, na ukiwa mkali sana unaachiwa mwenye fyekeo. Lakini papo hapo simu ikalia, baba yangu mdogo, yule aliyekuwa anawaongoza wazee wetu, akaniambia wameshafika Khayega, wananunua soda, wanakuja. Na Mzee alikuwa bado ananiangalia.

"Itaweza, Mzee," nikasema, na nikaelekeza mashine chini moja kwa moja, kwa sababu ndiyo njia ya haraka.

Mwanzoni ilitii. Kisha nikahisi kiti kinaniacha, kama mtu amevuta mkeka niliokanyaga. Ile mashine kubwa ilikuwa na uzito wa kung'ang'ania ardhi, na mikono yake ilikuwa migumu, unaivuta kwa nguvu ndipo isikie. Hii ndogo mikono yake ni myepesi kama vijiko. Mimi kwa mazoea nikaivuta kwa nguvu zangu zote, magurudumu ya nyuma yakasimama ghafla, na mashine ikawa kama kipande cha sabuni kwenye sakafu ya bafu. Jambo moja tu nililifanya sawa siku ile, namshukuru Mungu mpaka leo: nilizima visu. Injini iliendelea kunguruma, lakini visu vilikuwa vimesimama.

Nikainua macho. Kwenye kona ya jikoni alikuwa amesimama mama mkwe, na beseni la majani ya kunde yaliyooshwa, amenipa mgongo.

Nikataka kupiga kelele. Lakini nimwiteje? Jina lake siwezi kulitamka. Nimwambie "Wewe mama, toka"? Nikiwa bado nateleza nilikuwa natafuta neno la heshima, hebu fikiria, na nililolipata ni hili: "Wenye jikoni! Wenye jikoni, ondokeni!"

Wanawake wote waliokuwa jikoni wakatimua mbio. Wote isipokuwa yeye. Yeye alisikia ni sauti ya mkwe, akafanya kile ambacho mama mwenye adabu hufanya: akabaki amenipa mgongo, akavuta leso juu ya uso, akasimama kimya anisubiri nipite.

Mashine haikumgonga kwa nguvu. Ilikuwa imepunguza mwendo, ikamfikia nyuma ya magoti kama kiti ambacho mtu amekusogezea, na yeye, kwa heshima zote, akaketi. Magotini pangu. Beseni likaruka, kunde zikatunyeshea sisi wawili.

Pale ndipo shida yenyewe ilipoanza. Mama wa watu alitafuta kitu cha kushika asianguke, akashika mkono wa kushoto wa mashine, akauvuta. Mimi nilikuwa na ule wa kulia, nikausukuma. Nimeshakueleza kinachotokea ukivuta mmoja na kusukuma mwingine. Tukaanza kuzunguka.

Niliona geti kupitia pembeni mwa nyumba, nikaona jikoni, nikaona Mzee. Nikaona geti tena, na sasa lilikuwa limefunguliwa na baba mdogo ameingia na wazee wetu wote wamevaa suti. Nikaona jikoni, nikaona Mzee ameshika kichwa. Nikaona baba mdogo amevua kofia kama mtu aliyefika matangani.

"Zima!" Everlyne akapiga kelele. "Zima hiyo kitu!"

Kuizima ni rahisi, ukiinuka tu kitini injini inajizima yenyewe, imetengenezwa hivyo kwa usalama. Lakini ningeinukaje na mama mkwe juu yangu? Nikatafuta ufunguo. Kwenye mashine kubwa ufunguo ulikuwa upande wa kulia, kwa hiyo mkono wangu ukaenda kulia, ukapapasa, ukapapasa, hakuna ufunguo. Kwenye hii ndogo uko kushoto, na upande wa kushoto ulikuwa umefunikwa na leso ya mama mkwe, ambayo mimi nisingethubutu kuigusa hata kwa kijiti.

Kukhu alikuwa ameacha mkeka wake, amesimama kwenye kona ya nyumba. "Wakimaliza," akasema kwa sauti, "na mimi nipandishwe!"

Mwishowe nilifumba macho, nikaomba msamaha moyoni, nikapitisha mkono chini ya ile leso, nikageuza ufunguo. Kimya. Kimya ambacho unasikia kunde ikianguka kutoka kwenye nywele zako. Mama mkwe akainuka, akarekebisha leso, akaingia jikoni na kufunga mlango.

Nilikwenda kusimama kando ya michongoma, mbali na watu wote. Everlyne akanijia.

"Umempakata mama yangu."

"Alikaa mwenyewe."

"Shivachi!" akaniita kwa jina langu.

"Nisamehe," nikasema. "Wanasemaje?"

Nilipomwangalia nikaona machozi yanamlenga. Chini ya tenti wazee walikuwa wamesogeza viti karibu, wakiongea kwa sauti ya chini. Baada ya muda baba mdogo akanifuata, akanitoa jani la kunde begani.

"Mimi nimesindikiza mahari maboma mengi," akasema. "Sijawahi kuona mkwe anaanza na mama."

"Wamesemaje, baba?"

"Mzee anasema turudi nyumbani. Anasema tutaitana siku nyingine."

Wewe unajua maana ya "tutaitana siku nyingine". Hakuna siku nyingine. Nilimtazama Everlyne, nikaona na yeye anajua, amemshika mtoto mkono kwa nguvu. Wazee wetu wakaanza kuinuka, mmoja akaulizia dereva, na mimi sikuwa na uso wa kwenda kuwazuia.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka kidogo, na Kukhu akatoka polepole akishikilia fimbo, kwa sababu mama mkwe hawezi kuongea mbele ya mkwe, na Kukhu anaweza kusema chochote mbele ya yeyote. Akasimama katikati ya tenti.

"Mama amenituma," akasema. "Anasema hao watu wasirudishwe na njaa, ingokho, kuku zao, ziko tayari na obusuma, ugali wao, imeiva. Anasema pia, nyinyi wanaume mlikuwa mnasema kijana ameanguka, amenunua kamashine kadogo. Anasema hiyo kadogo imembeba yeye na mkwe wake pamoja, na haikuzimika. Mnataka kubwa ya nini?"

Nilimtazama Mzee. Alikaza uso. Akaangalia chini, akaangalia mashine yangu iliyojaa kunde, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alipocheka, baba mdogo akacheka, na wazee wakakaa tena.

Usidhani nilisamehewa bure. Walizungumza mahari mpaka wakaelewana, lakini mimi sikuruhusiwa kukanyaga ndani. Chakula changu nililetewa kwenye pikapu nje ya geti, nikala peke yangu na suruali yenye tope. Baadaye niliitwa siku maalum ya kuondoa ile aibu. Mimi nikapeleka shuka mpya, mama mkwe akanitumia kuku, Kukhu akapokea huku na kupeleka kule, na sisi wawili tukiwa tumepeana migongo. Everlyne ni mke wangu, hilo lilikwisha. Mzee naye siku hizi hunipigia simu nyasi zikipanda, na ninachomjibu ni kwamba nitamtumia vijana wa kufyeka. Mimi na mashine boma lile, sitarudia.

Lakini wewe, kama unataka kununua mashine ndogo, usiogope, ni nzuri, na utaizoea haraka kuliko unavyofikiri. Siku utakayoileta nyumbani, kaa kitini injini ikiwa imezimwa, fumba macho, na upeleke mkono kwenye ufunguo. Rudia mpaka mkono ufike bila kutafuta. Ndipo uwashe.