Bolti ya Nyuma Kushoto

Mzee Nahashon Owiti ana sheria moja kuhusu gari lake: hakuna fundi mwingine wa kuligusa. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta hapa mtaani Lucky Summer, na sheria hiyo nimeisikia miaka tisa, mara nyingi bila kuuliza. Aliitoa shirika la reli, alikofunga breki na magurudumu ya mabehewa kwa miaka thelathini na moja. Katika karakana yao foromani alikuwa na desturi: fundi aliyefunga ndiye anayepanda kwanza, kabla ya abiria yeyote. Mzee husema desturi hiyo iliwafanya watu wakaze nati kwa moyo safi, kwa sababu nati iliyolegea ingewajia wenyewe.

Siku hizi amestaafu, mkewe ametangulia, na gari lake la kijivu, la aina ya wagoni, limekuwa basi la ploti yetu. Kila siku ya shule huwapeleka watoto wanne ng'ambo ya barabara ya Outering. Mmoja ni Teresiah wangu, au Terry, wa miaka minane. Kiti chake ni cha nyuma kushoto, alichokichagua kwa sababu dirisha lake ndilo pekee linalofunguka.

Basi mzee alipogundua kwamba tairi la nyuma kushoto limeliwa upande wa ndani hadi waya zikachungulia, habari ilinihusu. Alinieleza kwamba gurudumu la nyuma hushikwa na mikono miwili ya chuma ili lielekee mbele, lisipinde ndani wala nje. Mikono ile ilikuwa imechoka, na raba zake zimepasuka. Nilimuuliza ikiachia kabisa itakuwaje.

"Gurudumu linajielekeza lenyewe," alisema. "Na dereva hana habari mpaka gari limegeuka."

Alikwenda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road akarudi na mikono mipya, na Jumamosi saa tatu asubuhi akaja kibarazani kwangu, ninaposhonea sare za shule, kuazima chaki na tepu ya kupimia. Nilimpa. Mkono wake wa kushoto ndio uliopokea. Wa kulia ulikuwa mfukoni mwa ovaroli, mahali ulipohamia tangu Pasaka.

Hapa niseme ukweli wangu. Nilikuwa nimeuona ule mkono. Nilimwona akimimina chai nusu kikombe, nusu sahani, akasingizia baridi. Nilimwona akihangaika na ufunguo kwenye kitasa cha mlango. Miezi miwili nilimpandisha mwanangu kwenye gari lile kila asubuhi na kufunga mdomo, kwa sababu ilinifaa, na kwa sababu mtu mzima haambiwi mambo kama hayo na fundi cherehani. Mdomo wangu una sifa mtaa mzima, lakini hapo ulikosa kazi.

Kufikia saa sita nilikuwa nimeharibu kola mbili kwa kumwangalia. Alikuwa ameinua gari kwa jeki juu ya ubao mnene, akaweka stendi, kisha gurudumu lenyewe akalilaza chini ya ubavu wa gari, hata stendi ikiteleza gari lisimfikie. Alichora kwa chaki pale bolti ya kurekebishia ilipokuwa imekaa, ili airudishe palepale. Mikono ya zamani ilimtesa kutoka. Kutu ilikuwa imeishika, akaipiga nyundo mpaka mbwa wa ploti ya pili akanyamaza kwa heshima. Yote hayo aliyaweza. Nyundo haijali mkono unaotetemeka.

Mkono mpya wa kwanza wa chuma uliingia. Wa pili ndio ulioleta shida. Bolti yake huingia kwenye nati iliyochomelewa ndani ya fremu, mahali ambapo jicho halifiki, vidole tu. Nilisikia bolti ikianguka chini. Ikaokotwa, ikaanguka. Wingu lilikuwa limeshika upande wa mtaa wa Baba Dogo, na binti wa mzee, Carolyne, nesi katika zahanati ya huko, alikuwa amesema atapita saa tisa. Carolyne alikuwa amemkataza babake kulala chini ya magari. Mzee alitaka amkute amemaliza.

Ilipoanguka mara ya nne niliacha cherehani nikaenda nikachuchumaa karibu. Nikamsikia akishukuru kwa Kijaluo. Bolti ilikuwa imeshika. Akachukua spana, akazungusha, na chuma kikalia.

Sijui magari. Lakini cherehani yangu ina skrubu nyingi, na nimeshaharibu moja kwa haraka zangu. Skrubu iliyoingia wima huenda kwa vidole. Iliyoingia kombo hugoma, na ukiilazimisha kwa chombo hulia hivyohivyo, hukata meno ya mwenzake, kisha hukaa pale ikijifanya imeshika. Itashika siku mbili, siku tatu. Akazungusha tena, ikalia tena. Nilikiona kiti cha nyuma kushoto juu ya kichwa chake, na juu ya kiti kitana cha Teresiah alichokisahau Ijumaa.

Niliogopa, na hofu yangu hutoka kama hasira.

"Mzee, toa hiyo bolti."

Aliniambia niende nikashone. Nilimwambia imeingia kombo na yeye anajua. Akasema imekaza kwa sababu ni mpya. Nikakaa chini kwenye vumbi na nguo yangu nzuri.

"Huyo ni mtoto wangu anakaa hapo," nilisema. "Siondoki."

Spana ilinyamaza. Nilichoona cha mzee ni viatu tu, na viatu havikutikisika. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye bati. Nilidhani amenuna, nami nikaanza kutafuta maneno ya kulainisha, kisha nikayaacha. Mwishowe nikasikia spana ikirudi kinyume, polepole, na bolti ikatoka.

"Mama Terry," alisema kutoka kule chini, "huu mkono haunisikii tena."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Nilitaka kulia, nikamwambia badala yake asogee.

Nilitandika katoni nikaingia. Watu husema chini ya gari ni giza tu, lakini ni uzito pia: unalala chali, na uzito wote uko juu ya pua yako. Nilihesabu stendi, gurudumu, jeki, nikahesabu tena. Mzee alilala kando yangu akamulika tochi kwa mkono wa kushoto. Alipangusa bolti, akaingiza kidole kwenye tundu, akasema meno ya mwanzo yamekwaruzika kidogo tu, hayajakatika. Kisha akaniwekea bolti kiganjani.

"Usiende mbele. Rudisha nyuma kwanza, kwa vidole. Kuna mahali itaanguka kidogo. Hapo ndipo mlango."

Nilirudisha nyuma. Hakuna. Jasho likaniingia jichoni. Nikarudisha tena, nikiwa nimefumba macho kama ninavyofanya nikitafuta tundu la sindano umeme ukipotea, na nikausikia: mdondoko mdogo, kwenye ncha za vidole. Nikaenda mbele. Ikaingia mzunguko mmoja, miwili, mitano, bila kulia, kwa vidole peke yake mpaka mwisho.

Mzee hakusifu. Aliniambia nisikaze bado. Kukaza kwa mwisho kunafanywa gari likiwa chini limesimama kwa uzito wake, la sivyo raba hujikunja na kupasuka upesi. Hilo nililielewa bila maelezo: upindo wa gauni haupimwi mwenyewe akiwa amekaa. Tukarudisha gurudumu, tukateremsha gari, akanielekeza mpaka spana ikakataa. Halafu tukafunga kamba ubavuni, sambamba na gari, tukapima kwa tepu yangu kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Tofauti ilikuwa milimita mbili. Mzee alisema hiyo ni sawa ya kutufikisha kwenye mashine ya alaimenti, ya kunyoosha magurudumu, Jumatatu. Mvua ilikuwa imebadili nia.

Carolyne alitukuta tukinawa mikono kwa sabuni ya unga. Aliniangalia mafuta usoni, akamwangalia babake, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umesharudi mfukoni. Alianza kumgombeza kwa heshima, kama mabinti wanavyojua. Mzee alimsubiri amalize.

Mimi nilikuwa na neno langu tayari. Gari lilikuwa sawa, hilo nililishika kwa vidole vyangu. Dereva je? Nilijua Jumatatu sitampandisha Teresiah, na nilijua kwamba kumwambia vile mbele ya bintiye kungekuwa kumvua nguo. Nilifungua mdomo.

"Lazima lijaribiwe," mzee alisema, akinitangulia. "Aliyefunga ndiye anapanda kwanza. Mama Terry, kaa nyuma kushoto."

Carolyne alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Dad, kwani ni Mama Terry alifunga?"

"Ni yeye. Mimi nilishindwa."

Akautoa mkono mfukoni. Alikuwa ameshika funguo, na zilikuwa zikilia zenyewe bila mtu kuzitikisa. Hakuzikaza wala kuuficha mkono. Aliunyoosha hivyo mpaka Carolyne akazipokea.

"Endesha wewe," alisema. "Na Jumatatu pia, kabla ya kazi. Watoto wanatoka saa kumi na mbili unusu."

Carolyne alimshika babake kiwiko kidogo, kisha akaingia kwenye kiti cha dereva, ambacho mzee hakuwahi kumwachia tangu amfundishe kuendesha.

Nilikaa juu ya bolti yangu na kitana cha mwanangu mkononi. Tulikwenda hadi Outering, tukapita kandokando ya malori, tukarudi, na njia nzima nilisikiliza kwa makalio. Hakuna kilicholia. Mzee, aliyebaki nyumbani, tulimkuta getini. Hakuuliza kama gari limevuta upande. Alimfungulia bintiye mlango kwa mkono wa kulia, akahangaika na kitasa, na sisi wawili tukakaa ndani tukamngoja mpaka akafungua.