Nchi Mpya na Kompyuta Zangu

Shida yangu ilianza mwaka 2004, nikiwa na miaka hamsini na mbili. Bei ya kahawa ilinichosha, nikang'oa mibuni yote shambani kwangu kijijini Maguu na kufungua chumba cha intaneti Mbinga mjini. Vijana walijaa, wakicheza mchezo wa vita na mazimwi. Siku moja wakawa wanajadili nchi mpya itakayoongezwa kwenye mchezo huo.

"Mzee, kompyuta zako hazitaiweza. Tutahamia Songea."

"Chezeni hii ya zamani."

"Hii tumeimaliza, baba. Hata mazimwi yanatupa shikamoo."

Nchi hiyo ilipotoka walihama kweli, nami nikafunga chumba. Wao walikuwa na pa kwenda. Mimi nilibanwa, maana mbuni mpya hauzai upesi. Nikapanda tena, nikalima mahindi kwenye ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, nikisubiri. Sikumwomba mtu.

Leo nina mibuni, nyumba ya bati, ng'ombe wawili na kompyuta sita zisizowaka.