Kiti cha Kuazima

Wafadhili wana ugonjwa mmoja: wanataka kuiona shida kwa macho yao. Andiko letu la kuomba viti vya magurudumu kwa watoto wa Kigombe wasioweza kutembea walishalisoma, wakalisifu. Kisha wakapiga simu pale ofisini kwa shirika letu dogo, Makorora, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Wanakuja kukagua, na wanataka kumwona mtoto mmoja nyumbani kwake.

Nikamchagua binti wa mama mmoja muuza samaki wa kukaanga. Mama alikuwa akimbeba mgongoni kila asubuhi kumpeleka shule, hadi mtoto akawa mzito na mgongo ukagoma. Tangu hapo binti alishinda mkekani, akiwasikiliza wenzake wakiimba majedwali ya kuzidisha, maana shule iko ng'ambo ya uwanja tu. Nikamwambia mama, "Usiandae chochote. Waache waone mnavyoishi."

"Sawa, dada," akanijibu.

Loo, hiyo sawa! Huku kwetu mtu hukupa sawa ili usiendelee kumsumbua.

Siku ya wageni niliingia kabla yao, nikakuta maajabu. Sebule imetandikwa zulia la jirani, mapazia mapya, ubani unafuka, pilau linanukia mpaka barabarani. Na binti yuko katikati, gauni la Idi, hina mikononi, amekaa kwenye kiti cha magurudumu kinachong'aa. Anakizungusha huku na huku, anacheka peke yake. Sijapata kumwona akicheka vile.

Nikamvuta mama uani. "Mama wee, umefanya nini?"

"Kiti cha babu wa nyumba ya tatu, yule aliyepooza. Kakubali kulala kutwa nzima leo. Ulitaka wageni wamkute mwanangu kamwagika chini kama maji machafu? Mimi nina haya, dada."

Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Niliporudi ndani, mkaguzi, mwanamama wa makamo aliyetoka Dar, alikuwa ameinamia magurudumu.

"Huyu mbona ameshapata?"

"Kimeazimwa," nikasema. "Kwa ajili yenu."

Akainuka taratibu. "Kwa ajili yetu? Tusingekuja angekuwa wapi?"

"Mkekani."

"Kwa hiyo mmetuchezea maigizo."

Nikaeleza. Nikaeleza habari ya heshima ya mgeni, ya mama kutotaka kuaibika, nikaeleza mpaka jasho likanitiririka mgongoni. Yule mwanamama ni Mswahili kama mimi, wallahi, na kwao wakija wageni najua hutoa vikombe vya kabatini. Lakini alinitazama kama mwizi aliyeshikwa na kuku mkononi. Mwenzake alikipiga kiti picha, mbele na nyuma. Mtoto akadhani anapigwa yeye, akanyoosha shingo na kutabasamu.

Halafu wakala pilau. Wakala! Wakaongeza, wakamsifu mama kwa mkono wake mtamu, wakanawa, wakaondoka. Kabla gari halijapotea, mjukuu wa yule babu alishafika kukichukua kiti.

Jibu lilikuja kwa simu, sauti laini kabisa. Ama mtoto anacho kiti na hahitaji, ama hana na tumewadanganya. Kwa vyovyote vile hawawezi kuendelea nasi. Nikauliza mtoto ana kosa gani. Sauti ikanitakia kazi njema.

Nikaenda Kigombe kusema mwenyewe. Mama alikuwa jikoni, karai linachemka. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza samaki, akaniuliza, "Pilau halikuwapendeza?" Nikasema liliwapendeza sana. Akageuza samaki mwingine. Nilitamani anitukane.

Binti alikuwa mkekani, hina imeanza kufifia kuchani. Akaniamkia shikamoo, akanishika upindo wa baibui.

"Shangazi, wageni wanarudi lini?"

"Hawarudi, mwanangu. Wamekataa kutuletea viti."

"Wasilete," akasema. "Waje tu. Wakija, babu ananipa chake."