Fungu Langu la Theluji

Fundi seremala jirani yetu hapa Kimemi, mtaa wa Butembo, anapoangusha ubao mkavu juu ya mwingine, mkono wangu unasimama katika kazi yoyote niliyoshika. Ngo. Kimya kidogo. Halafu, kama mtu mwenye haraka ya kumaliza, ngo-ngo. Yeye anapanga tu mbao zake za vitanda. Mimi ninasikia endara, ile marimba kubwa ya watu wa mlimani, jinsi nilivyoisikia mara ya kwanza nikiwa msichana wa primaire, shule ya msingi, miguu imejaa vumbi la Mutwanga chini ya mlima huo na termosi ya mama imening'inia begani kwa kamba.

Termosi hiyo lazima niieleze, la sivyo mtadhani nilikwenda kule kuuza chai.

Mwaka ule mwalimu alitufundisha kwamba mlima Ruwenzori una theluji kichwani, ingawa sisi tunakaa karibu kabisa na ikweta, na kwamba mlima huo umo ndani ya mbuga ya Virunga, na Virunga ni patrimoine mondial. Akaandika ubaoni, pembeni akatafsiri: urithi wa dunia nzima. Wenzangu walinakili wakafunga madaftari. Mimi nilibaki na lile neno. Urithi nilikuwa ninaujua vizuri. Babu alipokufa, baba na ndugu zake walikaa nyuma ya nyumba mchana wote, na kila mmoja aliondoka na fungu lake la shamba la Kasugho. Basi kama mlima ni urithi wa dunia, na mimi nimo duniani, donc kule juu kuna fungu langu, nalo bado halijachukuliwa na mtu.

Nikalisema hilo kwa sauti.

"Radio imewaka," akasema Kasereka kutoka nyuma. Radio ndilo jina walilonipa, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa haulali. "Radio, utabeba barafu na nini? Na kitunga?"

"Na termosi," nikamjibu. "Inashikaka moto, itashika na baridi. Tunaenda Mutwanga kwa ndoa ya binti ya muyomba wangu. Nitaleta fungu yangu, mutaiona."

"Na kama hauleti?"

"Kama haleti," akasema mwingine, "hata siku atasema mvua inanyesha, tutatoka inje kuangalia."

Darasa likacheka. Hapo Zaituni, niliyekuwa ninakaa naye benchi moja, akasimama. Zaituni alikuwa mtoto wa watu wa msikitini, baba yake dereva wa camion ya Butembo na Beni; mtoto mpole, asiyejibu ila akiulizwa. "Ataleta," akasema. "Kama haleti, mutuite shiye wawili baongo."

Nilimtazama nikapata baridi. Jina langu mimi lilikuwa limeshachakaa kwa vicheko. Lake lilikuwa safi kabisa, na sasa lilikuwa ndani ya termosi ya mama.

Mimi na mama tulisafiri mbele katika camion ya Papa Zaituni, mimi katikati. Alipoambiwa habari ya theluji hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Kahindo, kama iko mingi, uniwekee ya radiateur. Hii gari inapenda kuchemka." Alitushusha Beni, kwa dada yake anayekaa mtaa wa Beu, tukalala hapo, na kesho yake tukapata gari la kwenda Mutwanga.

Niwaambie, mtoto wa Butembo amezoea ukungu wa asubuhi na harufu ya mikaratusi. Kule nilikuta hewa ya joto, imelowa, inanuka kakao iliyoanikwa juu ya mikeka, uchachu wake kama wa pombe changa. Na maji. Kila upande unasikia maji yanashuka, huyaoni, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nikamwuliza mama mlima uko wapi. Akanionyesha kwa kidevu wingu limekaa nyuma ya migomba, jeupe, nene, halina habari na sisi.

Jambo lingine lilinifurahisha mno. Mimi ninaitwa Kahindo kwa sababu nilizaliwa msichana baada ya wavulana watupu. Kwetu Wanande jina linasema ulivyoingia katika familia. Kule mlimani ni vilevile. Mama aliponiita uwanjani, waligeuka wasichana wengine pamoja nami, na bibi mmoja mwenye fimbo, ambaye pia aliitika "eh?" kwa hasira kidogo. Nilicheka mpaka nikasahau kuona haya ya ugeni.

Mchana wa ndoa, muyomba Paluku, kaka yake mama, na wanaume wengine walikata migomba miwili, wakailaza chini sambamba. Kutoka jikoni wakatoa mbao za endara, zimekuwa nyeusi kwa moshi, maana zinakaa juu ya moto kama mahindi ya mbegu. Wakazipanga juu ya migomba, kubwa huku, ndogo kule, na kati ya ubao na ubao wakachomeka kijiti zisiteleze. Muyomba aligonga mmoja, akainamisha sikio, akaugeuza, akagonga tena. Halafu wakakaa, baadhi upande huu na baadhi upande ule, wakitazamana, kila mtu na fimbo zake.

Sijui nieleze vipi. Mmoja alianza, ngo, nikadhani ni hiyo tu. Wa mbele yake akaingiza yake katika nafasi iliyobaki. Wa tatu akatafuta mahali, akapata. Muda si mrefu ukawa hujui nani anapiga nini. Ardhi yenyewe ilikuwa inatetemeka chini ya nyayo zangu, na kina mama wakaingia na wimbo kana kwamba mlango wao ulikuwa umeachwa wazi tangu zamani. Bibi yule wa fimbo aliiweka fimbo chini akacheza mabega tu. Mama yangu, ambaye Butembo ni mtu wa kuhesabu sabuni dukani, alivua viatu. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilijua siku ile kwamba mama alikuwa mtu kabla yangu.

Asubuhi yake, muyomba aliniamsha kwa kunigusa bega. Tukatoka. Wingu lilikuwa limefunguka. Nilitafuta mlima pale ninapotafuta vilima vyetu, sikuuona, mpaka akaninyanyua kidevu: ulikuwa juu sana, mahali nilipodhani ni pa mwezi. Na kichwani mweupe, weupe unaong'aa, wenye waridi kidogo pembeni kwa jua.

Nikasema, "Muyomba, nimekuja kukamata fungu yangu."

"Fungu ya nini, mama?"

Nikamweleza yote: mwalimu, urithi, Zaituni, termosi. Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Halafu akaniuliza, "Zile mbao za endara za jana, ni za nani?"

"Ni zenu."

"Haya, kamata moja. Hapana ogopa. Uende nayo Butembo. Utapiga na nani? Utapikia nayo maharagi." Akapangusa macho. "Kuna urithi ya kugawanya, na kuna ya kukuja kuikuta. Hii hapana ya kugawanya."

Nadhani uso ulinisawijika, kwa sababu alinishika mkono, tukashuka hadi mto unaopita nyuma ya kakao zake. "Barafu ikichoka kukaa kule, inashuka yenyewe," akasema. "Weka mukono." Nikaweka. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikajaza termosi, nikafunga kizibo kwa nguvu zote, na njia nzima ya kurudi niliikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Darasani walinizunguka. Nikamimina kikombe.

"Ni maji," akasema Kasereka.

"Ni theluji iliyoshuka."

"Ni maji ya bomba ya Kimemi. Radio, umetupatia maji ya bomba."

Kicheko kikaanza. Nilianza kusema habari ya mto, lakini kicheko kikanifunika. Ndipo Zaituni akachukua kikombe mkononi mwangu. Alikitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama maji. Akanywa. Akamimina tena, akanywa, mpaka termosi ikaisha. Akashika shavu, akafumba macho. "Inauma meno," akasema.

"Tupatie na shiye," akasema Kasereka, safari hii kwa sauti nyingine.

"Imeisha. Mulikuwa munacheka."

Hawakucheka tena. Waliniuliza habari za kule, nikawaeleza endara hadi kengele, na Kasereka mwenyewe aligonga benchi akitafuta nafasi ya kuingia.

Miaka ilipita, nikaamini kwamba ni maji yaliyotuokoa. Siku hizi, kwa sababu ya vita, si kila anayetaka anafika Mutwanga, na familia ya Zaituni ilihamia Beu. Mwenyewe ameolewa Kisangani. Mwaka jana nilipeleka Beu nguo niliyomshonea mama yake. Tulikunywa chai, tukaongea za zamani, nikataja termosi. Mama Zaituni akaweka kikombe chini.

"Kumbe ni weye," akasema. "Ile mwaka Zaituni alikuwa anaanza kufunga Ramazani. Alikuwa anajivuna, hapana mate hapana maji. Siku moja tunafuturu, anakataa tende. Anasema, 'Mama, miye leo nilikunywa mulima.' Nikamwambia eko mutoto, Mungu hamudai kitu. Akasema hapana, atalipa. Nyuma ya Idi, shiye bote tunakula, yeye akafunga siku yake moja, peke yake."

Nikakumbuka kwamba siku zile wakati wa récréation, tukitoka kupumzika, alikuwa hanunui beignets, yale maandazi ya mafuta, nami nilidhani amekosana na mama muuzaji. Nikakumbuka pia ile termosi yetu, ambayo chai ya asubuhi ilikuwa haifiki saa sita ikiwa na moto. Maji yale, baada ya siku mbili za barabara, hayakuweza kuuma jino la mtu yeyote.

Nilirudi Kimemi. Kesho yake niliamka kabla ya jogoo, nikala viazi vya jana. Tangu hapo nilishona mchana kutwa bila kuweka kitu mdomoni. Mteja alininunulia soda. Nikamshukuru, nikaiweka chini ya meza. Jua lilipozama nilikaa kwenye kizingiti nikanywa maji, polepole, na sikumwambia mtu.