Kikombe cha Dama

Mwaliko ulitufikia Mariakani kutoka Kibokoni. Jumuiya ya mtaa huo, wengi wao Waislamu wenye asili ya Kihindi, ilitaka sisi wanawake wa kazi za ndani tusimame mkutanoni tueleze tunavyobaguliwa majumbani: vyombo vyetu mbali, mlango wetu wa nyuma. Nilicheka. Tangu lini mwajiri akamwita mfanyakazi aje amseme? Niliona mtego wa kuwajua wenye midomo ili wafukuzwe. Wenzangu wakanituma nikachungulie, maana mimi nilishaacha kazi hiyo. Mwenda bure si mkaa bure, wakaniambia.

Kibarani basi lilipita penye nyasi na miti, pale palipokuwa jaa zamani. Abiria walipasifu. Mimi niliwaza yaliyofukiwa chini.

Nilipofika penye Ngome ya Yesu, muuza vinyago aliniita kwa bashasha, lakini aliponiona vizuri akaniacha akawakimbilia Wazungu. Nikajisemea, safari imeanza vyema.

Kibokoni, Bi Zarina, mwenye duka la vitambaa na kiongozi wa jumuiya, alikuwa akinisubiri barazani. Nilitarajia tuzungumze pale pale nje. Akaniingiza kwa mlango wa mbele, na hapo nikazidi kumshuku. Chai akanipa kwa glasi sawa na yake. Niliikagua kama niliyeambiwa ina nzi. Akaniahidi kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa kusema, na alisema kwa upole hata nikakaribia kumwamini.

Kisha Dama, mfanyakazi wake, mama wa makamo kutoka Kaloleni, akaleta mahamri, akasimama kando ya mlango wa jikoni.

"Mbona huyu haketi?" nikauliza.

"Dama twamhesabu mtu wa nyumba hii."

"Na mtu wa nyumba hii chai hunywea wapi?"

Uso ulimwiva Bi Zarina. Sitaficha, nilifurahi. Akavuta kiti karibu na chake. "Njoo ukae nasi, Dama. Niwie radhi."

Dama alitutazama sote wawili, akipima ni nani atakayemponza. Akaketi. Halafu akainuka, akaingia jikoni, akarudi na kikombe chake cha plastiki, kile kinachowekwa peke yake rafuni, akakisogeza amiminiwe.

Bi Zarina alibaki ameshika birika. Furaha yangu yote ilikwisha, nikaona uchungu mtupu.

Niliporudi Mariakani wenzangu waliniuliza kama ni mtego. Nikawajibu kwamba Bi Zarina bado simwamini, ingawa alimwomba Dama radhi mbele yangu, lakini tutakwenda. Nilikuwa nimekwenda kuwachunguza wenye nyumba tu. Sikujua kwamba kubaguliwa huzoeleka hata mtu akajiendea mwenyewe kuuchukua ubaguzi wake rafuni.

Jana Dama alinipigia simu. Aliuliza kama siku ya mkutano aje na kikombe chake.

Nikamwambia aje nacho, akiweke mezani, mbele ya watu wote.