Neno la Pwani Katika Zahanati ya Katesh

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya serikali pale Mbulu, sikugusa mgonjwa hata mmoja. Nilichemsha sindano. Sindano za wakati ule zilikuwa za kioo na chuma, hazitupwi, zinachemshwa kwenye sufuria mpaka Dresa Mkuu aridhike, naye hakuwa mtu wa kuridhika. Ninyi vijana mmekuta wauguzi na matabibu wenye vyeti. Sisi tulikuwa madresa. Tuliosha vidonda, tulifunga bendeji, tuligawa dawa, na daktari alipokuwa akikata, sisi ndio tuliomshikilia mgonjwa.

Dresa Mkuu alikuwa mtu wa Pangani, aliyeletwa huku juu na kazi na ambaye hakuizoea baridi yetu hata siku moja. Alinikagua kucha, akanikagua kola, kisha akaniuliza najua lugha ngapi. Nikamwambia Kiiraqw cha nyumbani kwetu Nambis, Kiswahili, Kiingereza kidogo cha shule, na Kidatoga, kwa kuwa nililelewa na mjomba wangu kule Gendabi, ambako sisi wakulima na wafugaji wa Kidatoga tulichota maji mahali pamoja.

"Basi hapa kwenye sufuria hutakaa sana," alisema. "Utakuwa mdomo wa Bwana Daktari, yule Mzungu. Na ujue, mdomo hauongezi chumvi wala hautoi. Akisema neno, sema neno hilo hilo. Akitukana, tukana."

Niliishika amri hiyo kama mtoto anavyoshika mkia wa ng'ombe akipelekwa mtoni. Mkalimani husema "mimi" wakati anayesema ni mwingine, na watu humkasirikia yeye. Nimewahi kurushiwa kibuyu kitupu kwa ajili ya maneno ya Bwana Daktari kuhusu kuoga. Niliyafikisha maneno yake yote, na kibuyu nikakikwepa.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya Katesh, nyumba ya udongo iliyoezekwa bati, chini ya mlima Hanang. Bwana Daktari alikuja kwa lori kila alipoweza, akiwa na Dresa Mkuu na masanduku ya dawa. Siku zilizobaki nilikuwa peke yangu, na kama mvua ilikuwa imeharibu njia, nilikuwa peke yangu kwelikweli.

Ilikuwa katika safari yao moja ya masika ndipo alipoletwa Udahay, mke wa mfugaji mmoja wa Gendabi aliyeitwa Gidamasha. Walimbeba juu ya ngozi ya ng'ombe. Alikuwa na kichomi, ule ugonjwa wa mapafu unaochoma ubavuni kila unapovuta pumzi. Alikuwa mwanamke kijana, amemwacha mtoto anayenyonya nyumbani. Bwana Daktari alimpa vidonge vipya vilivyokuwa vimeanza kuletwa, vikubwa na vichungu, tukavisaga na maji na kumnywesha. Homa haikushuka. Siku iliyofuata alikuwa amefumba macho, midomo imekauka, pumzi fupifupi, na hata tulipomwita hakuitika. Vidonge tukashindwa kumpa, maana Dresa Mkuu aliogopa vitampalia.

Bwana Daktari alimshika mkono muda mrefu akisikiliza mshipa. Kisha akasema kwa Kiingereza, bila kumtazama mtu, "She's ebbing." Akaongeza, "Waambie."

Sikulijua neno lile. Nilimgeukia Dresa Mkuu, na aibu imenijaa.

"Maji kupwa," alininong'oneza. "Kwetu pwani, bahari hurudi nyuma, mchanga ukabaki wazi. Wanawake wakateremka kuokota chaza. Maji yakipwa kwetu halii mtu."

"Na kwa mgonjwa?"

"Kwa mgonjwa Wazungu wana maana nguvu zinamtoka. Hilo neno wanalitumia kwa kila kitu, hasira, mapenzi, biashara. Mambo yakiwa yanakwenda chini, wanataja bahari."

"Lakini bahari hurudi."

Dresa Mkuu hakuwa amelifikiria hilo, yeye aliyezaliwa nalo.

Gidamasha alikuwa ananitazama mdomoni. Nyuma yake alisimama mama yake, mwanamke mrefu mwenye vazi la ngozi, na nje walingoja wale vijana waliombeba, na ngozi wameshaitandika tayari chini ya ukingo wa bati. Nilijua kwa nini. Kwa watu wale, mtu akifia katika nyumba ya kigeni, kifo hicho huwaandama waliokuwa naye. Nikisema tu kwamba uhai unamtoka, watamnyanyua mara moja. Njia ya Gendabi ilikuwa tope, mvua inanyesha, na asingefika hai. Nikisema atapona, nitakuwa nimetia chumvi. Niliogopa, nakwambieni.

Nikafanya jambo ambalo dresa hafanyi. Nilimuuliza daktari.

"Bwana Daktari, maji haya unayosema, yatarudi?"

Uso wake ukawa mwekundu. Dresa Mkuu akanishika kiwiko kwa nguvu. Nilidhani kazi imekwisha. Lakini Bwana Daktari alikaa kwenye sanduku la dawa, akaifuta miwani yake.

"Sijui," alisema. "Ugonjwa huu una saa yake ya kugeuka. Unageuka au haugeuki. Akiondoka hapa hautageuka. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Watu wale hawakuwa wameiona bahari, wala mimi sikuwa nimeiona. Lakini Balangida waliijua, ziwa la chumvi ambalo kiangazi hurudi nyuma na kuacha ardhi nyeupe. Nikasema kwa Kidatoga, "Nguvu zake zimerudi nyuma kama maji ya Balangida. Sijui kama zitarudi. Mkimtoa leo, hazitarudi."

Gidamasha alipandisha sauti. "Nataka neno moja! Anakufa au hafi?"

"Sijui."

"Mzungu hajui, na wewe hujui. Sasa tunangoja nini hapa? Kifo kitukute ndani?" Akawaita wale vijana. Wakaingia, maji yanawadondoka, wakashika pembe za shuka.

Hapo mama yake akanyoosha fimbo mlangoni. "Ngojeni. Ziwa likirudi nyuma, wewe Gidamasha, unahama siku hiyo hiyo?"

"Hapana, mama. Tunachimba kandoni kutafuta maji."

"Maji yakiwapo?"

"Tunakaa."

Basi yule mama akafanya lile wafanyalo wafugaji kwa ndama dhaifu, ambaye hawajui wamwache au wampiganie. Alifungua kibuyu chake, akalowesha kidole kwa maziwa, akakitia katika mdomo wa mkwewe. Dresa Mkuu alipiga kelele kwamba maziwa yatampalia. Bwana Daktari akainua mkono, akasema aachwe.

Mvua ilipiga bati mpaka tukashindwa kusikia kitu kingine. Kidole kilikaa. Nilimwona Gidamasha akitazama pembeni, na machozi yake hakuyaficha. Kisha shavu la Udahay likabonyea kidogo, likaachia, likabonyea tena.

"Ananyonya," alisema yule mama. "Hatuhami."

Vijana wakaachia shuka. Tulimpa maji na maziwa kwa kidole, tone kwa tone, na vidonge vilivyosagwa vikafuata. Kesho yake jioni jasho lilimtoka hadi godoro likalowa, na homa ikashuka. Dresa Mkuu alitoka nje, akatawadha, akaswali kwenye tope. Mimi nililia nyuma ya lori kama mjinga.

Nimefanya kazi miaka mingi tangu hapo, Mbulu, Dongobesh, Katesh tena. Neno lile nililisikia mara nyingi. Mwishoni nikasikia Waingereza wakilisema juu ya utawala wao wenyewe, na siku hiyo hawakuhitaji mkalimani. Nilisimulia kisa cha Katesh kwa kila dresa niliyemfundisha, na nilikisimulia nikiwa najipongeza, maana ni mimi niliyethubutu kumuuliza daktari.

Nilipostaafu, majirani walinichinjia mbuzi. Katika waliokuja alikuwamo Udahay, bibi sasa, na wajukuu wawili. "Shikamoo," aliniambia, ingawa hatupishani sana kwa umri. Tulikaa, na nikaanza kisa changu mbele ya watu: bahari, Balangida, swali langu, kidole cha mama mkwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nasikia," alisema. "Yote. Macho hayakufunguka na sauti ilikuwa ya kunong'ona tu, lakini masikio yalikuwapo. Mlimuuliza Mzungu, mkamuuliza mtu wa pwani, mkauliza na ziwa. Mbona mimi hamkuniuliza?"

Nikamuuliza, kama tungemuuliza angesema nini.

"Ningesema nina kiu."